Kabla Hujavuta Lile Pazia

Wacha nianze na tarehe moja: 10 Mei 1963. Mji ni Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kwa zaidi ya wiki tano watu weusi wa mji ule walikuwa barabarani wakipinga ubaguzi wa rangi. Polisi walikuwa wamewaachilia mbwa. Zimamoto walikuwa wamewafungulia mabomba ya maji yenye nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Watoto wa shule, kwa mamia, walikuwa wamejazwa korokoroni. Picha zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Basi tarehe hiyo ya 10, viongozi wao wakatangaza kwamba wameelewana na wafanyabiashara wa mji.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mafupi, hoja nne tu. Vyoo na mifereji ya maji ya kunywa ilikuwa hoja ya pili, na ikapewa siku 30 baada ya mahakama kuamua serikali halali ya mji ni ipi. Meza za chakula ndani ya maduka, hoja ya tatu, siku 60. Watu weusi kupandishwa kazi na kuajiriwa kuuza dukani, hoja ya nne. Na hoja ya kwanza kabisa, ile iliyotakiwa kutekelezwa ndani ya siku 3 tu baada ya maandamano kusimama?

Vyumba vya kujaribia nguo.

Soma hapo tena pole pole. Watu wameumwa na mbwa, wamelala seli, na kitu cha kwanza kwenye karatasi ni kile kijumba chenye pazia na kioo, kile ambacho wewe na mimi tunaingia tukiwa tumeshika suruali tatu na simu mkononi, tunatoka tukiwa tumeacha nguo zimelala sakafuni kama matambara.

Hapa kwetu ukitaja adabu ya chumba cha kujaribia nguo, watu wanaona unaleta mambo ya wadosi. “Si ni nguo tu? Si nalipa?” Kwanza ukijaribu hujalipa. Na pili, mimi nasema hii stori ni kubwa kuliko nguo. Lile pazia ni imani. Mtu asiyekujua anakukabidhi mali yake ambayo hujailipia hata shilingi, anageuza macho pembeni, unavua. Kuna watu walinyimwa imani hiyo kwa sababu ya ngozi yao peke yake, na wakaipigania. Kwa hivyo adabu yetu mle ndani haihusiani na kujishaua. Ni namna ya kutunza mlango ambao haukuwa wazi kwa kila mtu.

Twende polepole, tuanze mwanzo.

Zamani nguo ilikuwa inakufuata wewe

Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, hakuna aliyehitaji chumba cha kujaribia. Nguo ilikuwa inafuata mwili. Chukua leso. Leso haina saizi. Mama mwembamba anajifunga, mama mnene anajifunga, bibi anambebea mjukuu mgongoni, na siku ikichakaa inageuka ya kupangusia meza. Kikoi ni hivyo hivyo. Hakuna mtu amewahi kumuuliza muuzaji wa leso, “una hii kwa saizi 14?”

Kama ulitaka kanzu, gauni au suti, ulienda kwa fundi. Karibu kila mji wa Kenya ulikuwa na fundi barazani, cherehani yake mbele ya duka la Mhindi, futi imening'inia shingoni. Anakupima kifua, kiuno, urefu wa mkono, anaandika kwenye kijitabu chake. Unarudi baada ya wiki, unavaa ikiwa na pini, anapunguza hapa, anaachilia pale. Isipokutosha, hilo ni tatizo lake.

Nguo za kiwandani ndizo zilizogeuza mambo. Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, jeshi lilihitaji sare kwa wanaume wengi sana kwa mpigo. Vipimo vya wanajeshi vikakusanywa, na ikaonekana kwamba miili inaweza kupangwa kwa makundi. Saizi za nguo za wanaume zikakua kutoka hapo.

Kwa wanawake ilichukua muda zaidi. Mwaka 1939 na 1940, serikali ya Marekani iligharamia utafiti wa kupima miili ya wanawake karibu 15,000, na matokeo yakachapishwa 1941. Lakini vipimo vilivyotumika mwishowe vilikuwa vya wanawake weupe pekee. Mwili wa mwanamke mweusi haukuingia hata kwenye hesabu. Kutoka kwa takwimu hizo ndipo kiwango rasmi cha saizi kikatangazwa 1958, na mwaka 1983 kikaondolewa kabisa kwa sababu hakikuwa kinatosha watu. Tangu hapo kila kampuni inajiamulia.

Hiyo ndiyo sababu saizi 12 ya Uingereza kwa kawaida ni 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na bado mbili zenye namba ile ile zinaweza kukukataa kwa njia tofauti. Usijilaumu. Jedwali halikutengenezwa ukiwa umefikiriwa. Lakini tuelewane: mara tu nguo ilipoacha kukufuata na wewe ukaanza kuifuata, kujaribu kuliacha kuwa starehe. Ndiyo njia pekee ya kujua unanunua nini.

Maduka makubwa ya Ulaya yaliielewa biashara hiyo mapema. Le Bon Marché ya Paris, chini ya Aristide Boucicaut kuanzia 1852, ilijulikana kwa vitu ambavyo leo tunaviona vya kawaida: ingia bila kulazimika kununua, bei imeandikwa na haibadiliki kwa sura ya mteja, na ukikosea unaweza kurudisha. Émile Zola aliona jambo hilo ni kubwa kiasi cha kuandika riwaya nzima kuhusu duka la aina hiyo, *Au Bonheur des Dames*, mwaka 1883. Maana ya haya yote ni moja. Duka lilianza kumwambia mtu asiyemjua, “shika, angalia, ukitaka nenda.” Imani ikageuka kuwa biashara.

Swali likabaki: imani kwa nani?

Mwili uliosemekana unachafua

Kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi wa Jim Crow, jibu lilikuwa wazi. Duka lingeweza kuchukua pesa yako na likatae mwili wako.

Desturi zilitofautiana duka kwa duka, na hiyo yenyewe ilikuwa mateso kwa sababu ulilazimika kujua kila mlango una kanuni gani. Kuna maduka ambako mteja mweusi hakuruhusiwa kujaribu nguo kabisa. Ananyoosha kidole, anafungiwa, analipa, anaenda. Kuna mengine ambako mwanamke mweusi akitaka kofia, sharti kichwa kifunikwe kwanza na kitambaa au kofia iwekwe karatasi ndani. Viatu navyo, wazazi wengi walikuwa wanachora nyayo za mtoto kwenye karatasi nyumbani, wanaibeba ile karatasi dukani, muuzaji analinganisha. Na ukishanunua, mara nyingi huwezi kurudisha, hata kama imekubana mpaka pumzi.

Sababu iliyotolewa? Kwamba mteja mweupe hatanunua nguo iliyogusa ngozi nyeusi.

Sasa fikiria ujinga wa hiyo hoja. Ni nani alikuwa anazifua hizo nguo za familia za wazungu, anazipiga pasi na kuwavalisha watoto wao? Mara nyingi ni wanawake weusi. Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi huko Montgomery tarehe 1 Desemba 1955, kazi yake wakati huo ilikuwa ya ushonaji kwenye duka kubwa la Montgomery Fair. Yeye ndiye alikuwa anarekebisha nguo zimkae mteja vizuri. Mikono yake inakubalika kwenye pindo la suruali. Huo mwili mwingine wote, hapana.

Kwa hivyo “uchafu” haukuwa jasho wala vumbi. Ungeoga mara tatu ukajipulizia manukato, bado ungeambiwa hapana. Walikuwa wanahukumu wewe ni nani, sio umefanya nini. Shika hapo, tutarudi.

Kuna kitu kingine ambacho watu husahau. Chumba cha kujaribia kinakupa nguvu ya kusema hapana. Unavaa, unajiangalia kwenye kioo, unaona mabega yamekaa vibaya, unarudisha, pesa yako bado iko mfukoni. Mtu akikuuzia bila kukuruhusu ujaribu, hasara yote ni yako. Basi watu hawa walikuwa wanadhalilishwa na pia wanapunjwa. Walilipa bei ile ile kwa nguo ambayo huenda isingevalika.

Na fikiria mzazi. Mtoto anauliza, “mbona yule anakaa kwa kile kiti anavalishwa kiatu, na mimi nimeletwa na karatasi?” Utamjibu nini?

Pasaka bila nguo mpya

Watu wa Birmingham walijua silaha yao iko wapi: kwenye pochi. Mwaka 1962 wanafunzi wa Miles College, chuo cha watu weusi pale, waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya katikati ya mji. Uongozi wa mji ulilipiza kisasi kwa kukata pesa za msaada wa chakula kwa maskini. Baadaye mwaka huo wafanyabiashara waliahidi kuondoa vile vibao vya ubaguzi. Vichache vikaondolewa, kisha vikarudi. Martin Luther King Jr. aliikumbuka ahadi hiyo iliyovunjwa katika barua yake maarufu aliyoandika akiwa jela ya Birmingham.

Ndipo 1963 wakapanga upya, na wakachagua majira kwa akili. Pasaka. Kwa biashara ya nguo kule, Pasaka ilikuwa inashindwa na Krismasi tu. Wewe mwenyewe unajua Desemba ya hapa, kila mtoto lazima apate kitu kipya, Gikomba hakuna pa kukanyaga. Sasa wazia jamii nzima inaambiana: mwaka huu hatununui.

Kampeni ilianza tarehe 3 Aprili. Maduka kama Loveman's na Pizitz yakapata wageni wasiotakiwa kwenye meza zao za chakula. Tarehe 12 Aprili, Ijumaa Kuu, King na rafiki yake Ralph Abernathy waliandamana wakiwa wamevaa nguo ngumu za kazi, zile za kitambaa cha jinzi, badala ya suti. Mavazi yenyewe yalikuwa ujumbe: tutavaa za shambani kanisani kuliko kununua kwenu. Wakakamatwa. Jumapili ya Pasaka, tarehe 14, King alikuwa ndani.

Tarehe 2 Mei watoto wakatoka. Tarehe 10 makubaliano yakatangazwa, na vyumba vya kujaribia nguo vikawa juu ya orodha.

Kwa nini vilitangulia? Mimi naisoma hivi. Kwanza, hicho ndicho kitu ambacho mwenye duka angeweza kukifanya kesho asubuhi bila kungoja mtu wa serikali. Anafungua tu mlango. Pili, ndiyo aibu iliyokuwa inawapata kina mama mara kwa mara, wakiwa na watoto wao, wakiwa na pesa mkononi. Wanahistoria wanaweza kubishana na mimi, lakini hakuna mtu anaweka kitu nambari moja kama hakiumi.

Na msidhani ilikuwa hadithi ya mwisho mwema. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei mabomu yalilipuliwa kwenye hoteli ya Gaston walikokuwa wakikutania viongozi, na nyumbani kwa ndugu yake King. Tarehe 15 Septemba bomu likawaua wasichana wanne ndani ya kanisa lao la Sixteenth Street. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1964, sheria ya haki za kiraia ikatiwa saini. Lakini hapa kuna kitu kinachonishangaza: kifungu chake kuhusu huduma za umma kinataja hoteli, mikahawa, sinema, viwanja vya michezo, vituo vya mafuta. Duka la nguo halikutajwa kwa jina. Pazia la kujaribia lilifunguliwa zaidi na watu waliokataa kununua, na makubaliano waliyoyalazimisha.

Siku 22 baada ya makubaliano ya Birmingham, Kenya ilipata Madaraka, tarehe 1 Juni 1963. Sisi nasi tulikuwa tunatoka kwenye nchi ya ubaguzi wa rangi, nchi yenye hoteli na vilabu ambavyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni kwa sababu ndipo kazi yake ilikuwa. Hatuna haja ya kuazima uchungu wa watu wa Alabama. Tunaufahamu kwa lugha yetu.

Leso kama ukuta

Na sisi chumba chetu cha kujaribia kilitoka wapi? Kwa wengi wetu, kilitoka mtumbani.

Mapema miaka ya 1990, uagizaji wa nguo za mitumba ulipofunguliwa, Wakenya wengi walihama kutoka kwa fundi kwenda kwa bale. Viwanda vyetu vya nguo viliumia vibaya, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini Gikomba, Toi, Kongowea kule Mombasa na Kibuye kule Kisumu zikawa ndizo duka kubwa la taifa. Nguo imetoka Uingereza, nyingine Kanada, nyingine Ujerumani, kila moja na lebo yake na saizi yake. Hakuna dada yake hapo, ni moja tu. Isipokutosha, imekwenda. Kujaribu ni lazima.

Na kibanda hakina chumba. Kwa hivyo unafanyaje? Mwenye kibanda anachukua leso, anainyoosha mikono miwili, anageuza uso upande wa pili, anakwambia, “Siste, ingia hapa nyuma, vaa tu, hakuna mtu anaona.” Rafiki yako anashika kioo kile kilichopasuka pembeni. Suruali unaivutia chini ya sketi. Wengi tunajua kwenda tukiwa na baika na vesti ndani, ili tusisumbue mtu.

Kiswahili kina neno kwa hiyo leso iliyonyooshwa: stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika pale anapoweza kuaibika, na kunyamaza. Hakuna mtu aliyemfundisha yule mama wa Gikomba darasani namna ya kuhudumia wateja. Anajua tu kwamba mtu aliyevua nguo mbele yako amekukabidhi heshima yake.

Tumewahi pia kuona upande wa pili. Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo na wanaume hadharani Nairobi kwa sababu hawakupenda alivyovaa, wanawake waliandamana mjini tarehe 17 kusema mavazi yangu ni uamuzi wangu. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ya adhabu ikaongezewa kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, na kifungo chake si chini ya miaka 10. Mkono unaoshika leso na mkono unaorarua nguo, yote ni mikono ya watu wasiokujua. Tofauti yake ndiyo ninayoiita imani.

Halafu 2020 ikaja. Mwezi wa Machi serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba kwa hofu ya korona, mpaka Agosti. Nchi nyingi zikafunga vyumba vya kujaribia hata pale maduka yalipofunguliwa. Ghafla dunia yote ikawa inanunua kwa macho, na nguo zikawa zinarudishwa au zinakaa kabatini bila kuvaliwa. Hapo ndipo wengi walijua kile kijumba kilikuwa kinafanya kazi gani.

Sasa, adabu yenyewe

Nikiwaambia haya yote halafu niseme “tuwe na heshima” nitakuwa nimewapotezea muda. Wacha niseme kwa vitendo.

Vipodozi. Fondesheni kwenye kola ya blauzi nyeupe ni nguo imekufa. Kwenye mtumba ni mtaji wa mtu. Kwenye duka, kuna mahali hasara hukatwa kwa mshahara wa mhudumu. Vaa ukikunja midomo ndani, au funika uso na kitambaa chepesi wakati unaipitisha kichwani. Ndiyo, najua nimetoka kusimulia wanawake waliolazimishwa kufunika vichwa. Tofauti ni kwamba wao walilazimishwa kwa sababu ya ngozi, nawe unafanya kwa sababu umejipaka rangi, na mtu yeyote aliyejipaka angefanya hivyo hivyo. Tena hakuna anayekushurutisha. Umejistahi mwenyewe.

Nguo za ndani na za kuogelea: jaribu juu ya zako. Hii sidhani inahitaji maelezo.

Viatu vua kabla ya kuvaa suruali. Zipu ikigoma, usiishindilie. Ikikatika, sema. “Dada, samahani, hii imekatika nikiijaribu.” Kuificha katikati ya zingine ni kumtega anayekuja, na yeye ndiye atakayeulizwa ameifanya nini.

Ingia na unachoweza kujaribu. Nguo kumi na tano ukiwa na watu sita nje sio kununua, ni kuhamia.

Sisi wa kamera, na najiweka hapa kwa sababu ndiyo kazi yangu, chumba cha kujaribia sio studio. Piga picha mbili umtumie rafiki yako akushauri, sawa. Lakini kurekodi video ya dakika kumi na taa, ukibadilisha nguo nane ambazo huna mpango wa kununua, na foleni iko nje, huo ni wizi wa muda. Na hakikisha hakuna mtu mwingine kwenye kioo chako. Mtu akiwa nusu uchi nyuma yako kwenye video yako, hiyo haiitwi kontenti. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inahesabu usambazaji wa picha za faragha za mtu kuwa jinai, lakini hata bila sheria, stara iko wapi?

Bisha kabla ya kuvuta pazia. Sema “kuna mtu?” Ukisindikizwa na mpenzi wako, yeye abaki nje, asitupe jicho vyumba vya wengine. Mtoto usimwache akachungulia chini ya milango.

Kwa kibanda, kuna zaidi. Usikanyage bale. Usijaribu ile ambayo mwingine tayari ameshika bei. Bale ikifunguliwa na kamera zinachaguliwa, zile za daraja la kwanza, usinyang'anye mtu mkononi. Na hata za fagia, zile za mwisho za bei ya kutupa, usiziburute kwa sababu ni za bei ndogo. Mwenye kibanda bado anazihesabu.

Kutonunua sio kosa. Hiyo ndiyo haki yenyewe iliyopiganiwa, haki ya kujiangalia na kusema hapana. Geuza nguo iwe upande wake, irudishe kwa henga au umkabidhi mwenyewe, sema, “Asante, haijanikaa, nitarudi.” Na kama hutarudi, “asante” peke yake inatosha.

Na nyinyi wenye maduka

Sijamaliza. Adabu ina pande mbili, na hapa ndipo historia inatuuma.

Nimeona, katika duka moja la nguo katikati ya Nairobi, mama mwenye kiondo akihesabiwa nguo mara mbili na kufuatwa mpaka mlangoni pa chumba, wakati msichana aliyekuja na kikombe cha kahawa ya bei ghali ameingia na rundo bila kuulizwa. Wote ni Waafrika. Muuzaji ni Mwafrika. Hakuna kibao ukutani. Lakini hesabu ni ile ile ya zamani: mwili wa huyu tunauamini, wa yule hatuuamini.

Weka kanuni, sina shida. Sema nguo tano kwa mtu. Sema za ndani hazijaribiwi. Hesabu zinapoingia na zinapotoka. Lakini kanuni iwe ya kila mtu. Katiba yetu ya 2010 inazungumza juu ya usawa katika kifungu cha 27, utu katika cha 28, faragha katika cha 31, na haki za mnunuzi katika cha 46. Zote nne zinaingia kwenye kile kijumba cha hatua mbili kwa mbili.

Sasa turudi pale nilipowaambia mshike. Ubaguzi ulihukumu mtu ni nani. Adabu inaangalia mtu amefanya nini. Ndiyo sababu mteja akichafua na kuvunja na kuficha, anampa mwenye duka kisingizio cha kurudia hesabu ile ya zamani: kuweka kibao cha “hakuna kujaribu,” halafu kumlegezea anayefanana na pesa na kumkazia asiyefanana nayo. Anayeumia sio wewe uliyechafua. Ni mama mwenye kiondo anayekuja kesho, akiwa na pesa za kutosha nguo moja tu, ambaye hawezi kumudu kukosea saizi.

Kwa hivyo ukimaliza, geuza nguo vizuri, itundike, okota kile kibanio kilichoanguka, acha pazia wazi. Kuna mtu nyuma yako kwenye foleni, na hapaswi kuthibitisha chochote ili aingie.